Laptopu ya zamani inajikokota? Anza na hivi kabla hujafikiria kununua nyingine

Watu wengi laptopu ikianza kujikokota wanasema prosesa (CPU, ile chipu inayopiga hesabu zote) imechoka, alafu wanaanza kutafuta hela ya mashine mpya. Prosesa haichoki. Kama haijaungua inapiga hesabu leo kwa uwezo uleule iliotoka nao kiwandani, kinachobadilika ni vitu vinavyoizunguka: diski imejaa na imeanza kuugua, RAM (kumbukumbu ya mda inayobeba kazi ulizofungua) iliyokuwa inatosha mwaka 2013 leo inamalizwa na brauza peke yake, vumbi limeziba njia ya hewa, na miaka yote hiyo kila programu uliyoweka imejipenyeza kwenye orodha ya zile zinazojiwasha zenyewe. Vyote hivyo vina dawa, na vingi unaviweza mwenyewe ukiwa na bisibisi ndogo na subira.

Ila kuna jambo nalisisitiza sana kabla hujatoa hela yoyote: jua kwanza ni kipi kinaichelewesha. Naona watu wananunua RAM wakati tatizo ni diski, wengine wanaweka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) nzuri kabisa alafu mashine bado inaganda kwa sababu feni imeziba na prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Hela inaenda na tatizo linabaki palepale.

Kwahiyo tuanze na kupima, ni bure. Kama unatumia Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda sehemu ya Performance. Fanya hivyo mara tu mashine ikimaliza kuwaka, alafu rudi uangalie tena baada ya kama dakika kumi, alafu angalia tena ukiwa katikati ya kazi zako za kawaida pale inapokera. Ukiona Disk imekaa kwenye 100% mda mrefu huku CPU ipo chini, hapo diski ndo inayokuchelewesha. Ukiona Memory ipo 85% kwenda juu na wewe umefungua brauza na faili moja tu la kuandika, RAM haitoshi. Na ukiona vyote viwili viko juu kwa wakati mmoja usishangae, RAM ikijaa Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya akiba, na diski ikiwa ya kuzunguka, ile ya zamani yenye sahani ndani, ndo pale hata mshale wa kipanya unasimama.

Upande wa CPU usiangalie asilimia tu, angalia na namba ya Speed. Laptopu ambayo prosesa yake inatakiwa ifike 2.5 GHz ukaikuta imeganda kwenye 0.8 GHz wakati unaitumia, hapo kuna kitu kinaishikilia chini. Inaweza kuwa joto, na hilo tutalifikia. Lakini kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: laptopu nyingi zisipoitambua chaja, labda kwa sababu chaja ni ya nguvu ndogo kuliko inayotakiwa au waya wa kati kwenye pini umekufa, zinajishusha kasi zenyewe, na baadhi zinafanya hivyo hata betri ikiwa imekufa kabisa. Jaribu chaja ya uhakika yenye wati zilezile zilizoandikwa chini ya mashine kabla hujafungua kitu chochote.

Palepale kwenye ukurasa wa CPU kuna neno Up time. Ukikuta inasoma siku ishirini na wewe unaizima kila usiku, hujakosea kusoma. Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup, ukiizima kwa Shut down haizimi kila kitu, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwahiyo uchafu wa jana unaamka nao. Ukitaka ianze upya kweli chagua Restart. Kuna laptopu zinapata nafuu kwa hilo tu.

Sasa, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, bakapu. Sisemi hivi kwa mazoea. Laptopu iliyokuwa nzuri alafu ikawa nzito ndani ya wiki chache, mara nyingi ni diski inakufa, inajaribu kusoma sehemu moja mara nyingi nyingi mpaka ifanikiwe, na wewe unachokiona ni uzito. Shusha programu ya CrystalDiskInfo, ni ya bure, ifungue uone rangi. Bluu ni salama. Ukiona ya njano imeandikwa Caution, na kwenye mistari ya Reallocated Sectors au Current Pending Sector kuna namba ambayo sio sifuri, acha kila kitu, hamisha picha na nyaraka zako kwanza kwenda kwenye diski ya nje au mtandaoni. Usiidifragi (kuzipanga upya faili zake), usiiskani usiku kucha, kila saa unayoifanyisha kazi diski ya namna hiyo unapunguza nafasi ya kupata vitu vyako.

SSD, hapa ndo penye mabadiliko

Kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, nashauri hela yako ya kwanza iende hapa na sio kwingine. Sio ushabiki, ni hesabu. Diski nyingi za laptopu zinazunguka mara 5400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Kila Windows ikitaka kafaili kadogo, kichwa cha kusomea kinatakiwa kisogee hadi kwenye mstari husika alafu kisubiri sahani izunguke mpaka faili lipite chini yake. Ukijumlisha, diski ya namna hiyo inapata vifaili vidogo kama 60 hadi 80 tu kwa sekunde, na Windows ikiwaka inataka vifaili maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika huku na kule. SSD haina kitu kinachozunguka, hata ile ya bei ya chini inapata maelfu mengi kwa sekunde. Ndo maana mtu akibadilisha hiki kitu kimoja anaona kama amepewa mashine nyingine, kuwaka kwa dakika nne kunakuwa sekunde ishirini au thelathini.

Kabla ya kununua jua mashine yako inapokea ya aina gani. Laptopu za zamani nyingi zina nafasi ya diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, hapo unanunua SSD ya SATA ya inchi 2.5 na inaingia palepale ilipotoka ile ya zamani. SSD hizi nyingi zina unene wa milimita 7, na diski nyingi za zamani zilikuwa 9.5, kwahiyo kama ikicheza ndani weka kale kafremu ka plastiki kanakokuja nayo au kipande chembamba cha plastiki ngumu kuijazia. Usihofu ukiambiwa laptopu yako ni SATA ya kizazi cha pili, kasi ya juu itashuka kutoka kama MB 550 kwa sekunde hadi kama 280, lakini utamu wa SSD upo kwenye vile vifaili vidogo na huo utaupata wote.

Mashine za kuanzia kama 2014 na kuendelea nyingine zina sloti ya M.2, yaani ile SSD nyembamba inayofanana na kipande cha RAM. Hapa ndo watu wanapotea. Umbo linafanana lakini kuna zinazoongea SATA na kuna zinazoongea NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, na sloti nyingine inapokea moja tu. NVMe ya kizazi cha tatu inaweza kufika MB 3500 kwa sekunde ila kama BIOS ya laptopu yako (programu ndogo inayoiwasha mashine kabla ya Windows) haijui kuwaka kutoka NVMe utabaki unaiangalia tu. Tafuta mtandaoni jina kamili la modeli yako pamoja na kitabu chake cha matengenezo, kampuni kubwa kama Dell, HP na Lenovo zinaviweka bure, na humo utaona mpaka skrubu za kufungua.

Ukubwa, GB 240 au 256 ndo kianzio cha mtu wa matumizi ya kawaida, ila ukiweza 500 chukua 500, utapumua zaidi maana SSD haipendi kujazwa hadi pomoni. Ikibaki na nafasi chini ya asilimia 15 hivi inaanza kupungua kasi wakati wa kuandika. Na uwe macho na zile zinazouzwa TB kadhaa kwa hela ya kutupa, hizo ni mbuzi kwenye gunia, ndani kuna kachipu kadogo kamedanganywa kijitaje kuwa kakubwa, unaweka faili zako zinapotea. Kama una shaka na uliyonunua ipime kwa programu ya H2testw kabla hujaiamini na kitu.

Kisha kuna swali la kunakili diski nzima au kuweka Windows upya. Mimi nipo upande wa kuweka upya. Kunakili kunakuletea kila kitu kama kilivyo, pamoja na uchafu wa miaka yote, na kama diski ya zamani ina sekta mbovu zoezi linaweza kukatikia katikati. Lakini kama una programu ambayo huwezi kuipata tena, leseni imepotea na kazi yako inaitegemea, basi nakili. Utahitaji waya wa kugeuza SATA kuwa USB, unachomeka SSD mpya nje, unatumia programu inayotolewa na waliotengeneza SSD hiyo kama ipo, au Clonezilla ambayo ni bure ila haina sura ya kuvutia, na kwa kawaida inataka SSD iwe sawa au kubwa kuliko diski unayonakili. Soma mara mbili ni diski gani umeiita chanzo na ipi umeiita mwisho. Ukizigeuza unaifuta ile yenye vitu vyako.

Kwa anayeweka upya: tengeneza fleshi ya Windows ukiwa kwenye kompyuta inayofanya kazi, Microsoft wana programu yao ya Media Creation Tool, fleshi iwe GB 8 au zaidi na isiwe na kitu cha maana ndani maana inafutwa. Ufunguo wa Windows usikutishe, kama ilikuwa imeaktiveti kihalali kwa njia ya kidijitali, leseni imefungwa kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine), ukiweka toleo lilelile na kuunganisha intaneti itajitambua yenyewe. Kitu cha kuangalia kabla hujazima kwa mara ya mwisho ni BitLocker, kufuli la Windows la diski, kama imewashwa hakikisha una ile namba ndefu ya kurejesha, mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, la sivyo diski ya zamani ukiichomeka kwingine haifunguki. Alafu pitia BIOS uone SATA ipo kwenye AHCI na sio IDE, ile hali ya zamani, badilisha kabla ya kuinstoo na sio baada.

Kuifungua yenyewe sio kazi kubwa. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kama iko ndani basi ukishafungua kava la chini kitu cha kwanza kuchomoa ni waya wa betri kwenye madabodi. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Shika chuma chochote kisichopakwa rangi ili umeme tuli wa mwilini utoke. Skrubu zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu, kila moja mahali pake, kwa sababu urefu unatofautiana na skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi upande wa kibodi. Na ukikuta betri imevimba, simama hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, itoe kwa upole, usiichaji tena, na uipeleke inakopokelewa taka za elektroniki.

Ukimaliza, SSD usiidifragi kabisa. Windows yenyewe inaipa kitu kinaitwa TRIM kuiambia ni sehemu zipi hazina kazi tena, ukitaka uhakika fungua Command Prompt kama msimamizi uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify, ikijibu 0 ujue iko kazini.

RAM

Kwa leo GB 4 ni mateso, GB 8 unafanya kazi za kawaida bila shida, GB 16 ni kwa anayefungua vitu vingi au anaedit picha na video. Kutoka 4 kwenda 8 utaona tofauti kubwa, kutoka 8 kwenda 16 kama unaandika na kuangalia video tu hutaona chochote, hiyo hela weka kwenye SSD kubwa zaidi.

Task Manager kwenye Memory inakuonyesha Slots used, mfano 1 of 2, maana yake kuna sloti tupu. Kwenye Form factor ukikuta imeandikwa Row of chips badala ya SODIMM, RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye madabodi na kwa kawaida haiongezeki, labda kama kuna sloti nyingine pembeni. Aina ndo ya kuzingatia: DDR3 na DDR4 haziingiliani kabisa, hata mkato wa chini uko sehemu tofauti, ya kwanza ina pini 204 na ya pili 260. Ila mtego uko kwenye DDR3 na DDR3L, zinafanana kwa macho na zinaingia sloti moja, tofauti ni umeme, moja inakula volti 1.5 na nyingine 1.35. Laptopu za Intel za DDR3 kuanzia kizazi cha nne zinataka ile ya L. Ya L kwa kawaida inafanya kazi hata kwenye mashine ya DDR3 ya kawaida, lakini kinyume chake mashine inaweza isiwake, kwahiyo ukiwa njia panda chukua ya L. CPU-Z itakuambia mashine yako ina nini sasa hivi na inatumia kasi gani.

Ukiweza weka vipande viwili vinavyolingana, mfano 4 na 4, prosesa inasoma vyote kwa pamoja, na kwenye laptopu isiyo na kadi ya picha ya kwake hilo linasaidia kweli maana picha zinachotwa kutoka RAM hiyohiyo. Kipande kinaingizwa kikiwa kimeinama kidogo, unasukuma mpaka sehemu ya dhahabu karibu yote ipotee ndani, alafu unakilaza mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Ukiwasha na kioo kikabaki cheusi usipaniki, mashine nyingine zinachukua mda kidogo kuitambua RAM mpya, ikiendelea basi zima uichomoe uirudishe, mara nyingi haikukaa sawasawa. Na usisahau kama umeweka Windows ya biti 32, hata ukiweka GB 8 itaona 4 tu, hiyo lazima uhamie biti 64.

Joto na vumbi

Laptopu inayonguruma kama inataka kupaa, chini huwezi kuishika, na inakuwa nzito baada ya dakika ishirini ya kutumia lakini ukiiwasha asubuhi ni nyepesi, hiyo ni joto. Weka HWiNFO au Core Temp uangalie namba. Ikiwa imetulia, 40 hadi 55 ni kawaida. Ikiwa kazini, hata 80 na kitu haina neno. Ikianza kugusa 95 hadi 100 prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isife, na hapo ndo unaona ule uzito.

Dawa ni kusafisha, na sehemu inayoziba sio feni yenyewe, ni zile nyuzi za chuma mbele ya feni ambapo hewa inatokea. Vumbi linajikusanya pale linakuwa kama blanketi. Ukipuliza kutoka nje bila kufungua unalisukuma tu lirudi ndani. Fungua kava, shikilia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti ili yasizunguke, maana feni ikizungushwa kwa nguvu ya hewa inaweza kuharibu bearingi zake na hata kurudisha umeme kwenye bodi, alafu puliza kwa hewa ya kopo kidogokidogo. Brashi laini inasaidia. Mashine ya kunyonyea vumbi ya nyumbani achana nayo, inazalisha umeme tuli.

Kama laptopu ina miaka mitano na kuendelea na haijawahi kuguswa, ile pesti kati ya prosesa na bamba la shaba imeshakauka na haipitishi joto vizuri. Kubadilisha kunahitaji utulivu zaidi ila kunawezekana. Legeza skrubu za bamba kwa kufuata namba zilizochongwa pembeni yake, ukimaliza kurudisha unakaza kwa mkato, sio mzunguko. Futa pesti ya zamani kwa pombe ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi, mpaka uso uwe msafi kabisa. Pesti mpya weka kiasi cha punje ya mchele, kama kile kijiwe cha prosesa ni kirefu tandaza kidogo kifunike chote. Nyingi sio nzuri, inamwagika pembeni. Na kama kwenye chipu nyingine kuna vile vipande laini kama raba usivitupe ukaweka pesti badala yake, vile vinajaza pengo ambalo pesti haifiki, virudishe vilevile au weka vipya vyenye unene uleule.

Baada ya hapo acha kuitumia laptopu juu ya godoro au mto. Hewa inaingilia chini, ukiiziba unarudi mwanzo.

Upande wa programu

Huku ni bure kwahiyo hata asiye na hela ya SSD aanzie huku. Task Manager, sehemu ya Startup, zima kila kinachojiwasha ambacho hukihitaji sekunde ile unapowasha mashine. Programu za kuchat, za muziki, za michezo, za printa, zile za kuapdeti vitu, zote zima, hazifutiki, utazifungua ukizihitaji. Acha antivairasi na draiva za tachi pedi na sauti. Kisha ondoa kabisa programu usizotumia, hasa zile zilizokuja na laptopu kutoka kiwandani.

Antivairasi iwe moja. Mbili zikikutana kila moja inakagua kila faili unalofungua, na nyingine inaikagua ile ya kwanza, diski haipumui. Kwa mtu wa kawaida ile ya Windows yenyewe inatosha.

Alafu kuna zile programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza kasi kwa kubonyeza kitufe kimoja, zinasafisha rejista (orodha ya mipangilio ya Windows), zinaachia RAM. Naomba sana usiziweke. Kusafisha rejista hakuongezi kasi yoyote ya kuonekana na kukikosewa Windows inaharibika. Kuachia RAM ni kuwafukuza wafanyakazi kwenye kiti ili kiti kionekane kitupu, sekunde inayofuata programu inavirudisha vitu vyake kutoka kwenye diski na unakuwa mzito kuliko mwanzo. Na nyingi kati ya hizo zenyewe zinajiwasha kila ukiwasha mashine na kukuletea matangazo. Nafasi ya diski isafishe kwa Storage Sense au Disk Cleanup iliyomo ndani ya Windows, na ukiona folda ya Windows.old ambayo huihitaji tena ifute kwa njia hiyohiyo, inaweza kuwa na GB kumi na zaidi.

Brauza ndo inayokula zaidi kwa watu wengi sasa hivi. Kila ukurasa ulioachwa wazi ni programu inayoendelea, wengine wana kurasa arobaini wanazitunza kama daftari. Zihifadhi kama alama uzifunge. Chrome na Edge zina mpangilio wa kulaza kurasa usizozitazama, uwashe. Viongezi vya brauza pitia kimoja kimoja, kila usichokikumbuka kazi yake ondoa, ila kizuia matangazo kiache maana kinapunguza mzigo mkubwa kwenye mashine dhaifu.

Mambo ya rangi na madoido, zile dirisha zinazofifia na vivuli, kuzima kunasaidia kidogo kwa mashine zenye kadi dhaifu. Sio muujiza.

Mfumo gani uuweke

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiunga na ule mpango wa apdeti za ziada za usalama. Windows 11 kwa upande wake inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, kwahiyo laptopu nyingi tunazozungumzia hapa hazimo. Kuna njia za kuilazimisha iingie, zinafanya kazi, lakini hupati ahadi ya apdeti na mashine yenyewe ya GB 4 itazidi kuteseka.

Ndo maana kwa mashine ya zamani ambayo kazi yake ni intaneti, kuandika, video na barua pepe, mimi nashauri kwa moyo mmoja Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, hasa Linux Mint ya Xfce, au Lubuntu kama ni dhaifu zaidi. Ni bure, apdeti zinakuja mara kwa mara, na ikiwa imetulia inatumia RAM kidogo kuliko Windows 10. Huna haja ya kufuta kitu ili kujaribu: iandike kwenye fleshi kwa kutumia Rufus, washa laptopu kutoka kwenye fleshi hiyo, itumie hivyohivyo, angalia Wi-Fi, sauti, na mwanga wa kioo vinafanya kazi, ukiridhika ndo uinstoo. Kwa anayetegemea Microsoft Office ya kuinstoo, programu za Adobe au programu fulani ya uhasibu ya Windows, hapo Linux haitamfaa, abaki Windows na SSD yake.

Ambazo hazina maana kuzitilia hela

Zile laptopu ndogo zenye hifadhi ya eMMC ya GB 32, imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi, na Windows peke yake inaijaza. Kama haina sloti ya M.2 au nafasi ya inchi 2.5 dawa yake ni Linux nyepesi na basi. Kubadilisha prosesa nako achana nako, laptopu karibu zote baada ya Intel kizazi cha nne prosesa imechomelewa, na hata zile zinazotoka faida ni ndogo kulinganisha na kazi. Na kama madabodi ina hitilafu, kioo kimepasuka, hinji zimevunjika na betri imekufa vyote kwa pamoja, piga hesabu ya jumla kabla hujanunua kipande cha kwanza, hapo mara nyingi bora utafute iliyotumika lakini ya miaka ya karibuni, alafu SSD na RAM ulizonazo uone kama zinahamishika.

Diski ya zamani uliyoitoa kama CrystalDiskInfo ilisema ni nzima, iweke kwenye kasha la USB inakuwa diski ya nje ya bakapu. Ila ifute kabisa kama unampa mtu, sio kudelete faili tu, maana faili zilizodeletiwa kwenye diski ya kuzunguka zinarudishwa kirahisi. Format ya Windows ukiondoa alama kwenye Quick Format inaandika sifuri diski nzima, inachukua masaa kadhaa kwa diski ya GB 500, iache usiku mzima ikiwa kwenye umeme.